Hata Hatari Ibishe Hodi

Barua niliyoiandika ilikuwa na mistari mitano, na hakuna hata mmoja uliokuwa wa uongo. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Mtu aliyedanganya anaweza kuungama uongo wake, mimi sikujua nianzie wapi.

Kamati ya nidhamu ya hospitali moja ndogo huko Njombe ilikuwa imeuliza swali moja tu. Je, tarehe kumi na mbili, tahadhari ya kitanda cha sita, wodi ya watoto wachanga, ilifika kwenye miwani ya muuguzi wa zamu? Nilijibu kwa niaba ya kampuni kwamba ilifika. Nikaandika: "Tahadhari ilipokelewa saa nne na dakika kumi na moja asubuhi, na ilichorwa papo hapo kwenye miwani ya Muuguzi Evodia Ngailo." Nikatia sahihi, Elinami Mkwizu, Mpangaji Mkuu wa Madirisha, kisha nikaenda kunywa chai.

Ilichorwa, ni kweli. Kila dirisha huchorwa. Ila waliouliza hawakujua kwamba kuchorwa si kuonekana, na mimi nilijua kwamba hawajui. Dirisha la tahadhari lilichorwa nyuma ya dirisha jingine, likakaa huko dakika nne na sekunde kumi, na mtoto wa siku nne, ambaye hata jina alikuwa hajapewa, akaishiwa hewa.

Bi Thuwaiba, mkuu wa kampuni yetu, aliisoma barua akiwa amesimama. Alisema ni nzuri, ni fupi. Nilipomuuliza kama tuongeze mstari mmoja kuhusu mpangilio wa tabaka, alinijibu kwa sauti yake ile ya upole kwamba tumeulizwa kama tahadhari ilifika, hatukuulizwa ilikaa wapi. Nikatikisa kichwa kukubali. Hakunishikia panga, wala hakunitisha. Nilikubali kwa sababu nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia hivyo.

Wiki mbili baadaye ikaja nakala ya uamuzi wa awali. "Kwa kuzingatia barua ya kampuni," iliandikwa, muuguzi aliiona tahadhari akaipuuza. Alhamisi angesikilizwa kwa mara ya mwisho, na kama hana jipya la kusema, jina lake lingefutwa kwenye daftari la wauguzi. Niliyasoma maneno yale ya mwanzo mara nyingi. Kisha nikaomba ruhusa kazini, nikasema mjomba wangu anaumwa, nikasafiri kwenda Njombe. Mjomba wangu alikuwa mzima kabisa, na alikuwa Same.

*

Niseme kwanza Staha, programu yangu, ilivyokuja, maana wapo wanaodhani niliitunga kwa majivuno. Majivuno yalikuja baadaye.

Miaka ya mwanzo ya miwani ilikuwa ya aibu tupu. Skrini zilikuwa zimeondoka mezani zikahamia hewani, mbele ya macho, madirisha yakielea kila upande, na kumkunja mtu ukawa mchezo wa vidole viwili. Unabana, dirisha lake linakwisha. Upande wa pili aliyekunjwa huona giza. Baba anamweleza mwanawe mipaka ya shamba, katikati ya sentensi, giza. Shangazi analilia msiba, giza. Huko kwetu Upareni uchumba mmoja ulivunjika kwa sababu kijana alimkunja baba mkwe mtarajiwa ili aone penalti. Watu walicheka, lakini koo zile mbili hazisalimiani hadi leo.

Nilikuwa na miaka thelathini. Nilikaa miezi minane nikaandika Staha, na kazi yake ni nyepesi kueleza. Kila dirisha lina namba ya tabaka. Mara sitini kwa kila sekunde, miwani huyapanga madirisha yote kwa namba zao. Yenye namba ndogo huchorwa kwanza, yenye namba kubwa huchorwa juu yake na kuyafunika. Zamani namba ilitokana na kidole: ulichokigusa mwisho ndicho kilichokaa mbele. Mimi nikaifanya itokane na undugu. Baba, mama mkwe, mjomba, mwalimu aliyekufundisha kusoma, dirisha lake likifunguka hukaa mbele, na vidole vyako havilikunji mpaka mwenyewe aage. Ukivua miwani angali anasema, yeye huona maneno matatu usoni pake. Niliyachagua mimi baada ya kuyafikiria wiki nzima: Ameondoka bila kuaga.

Nchi ilishangilia. Nilipewa ngao ya kioo, nikaalikwa kwenye makongamano, mama yangu akawa anatembea kanisani kifua mbele.

Tahadhari za hatari niliziweka juu ya wote, hata juu ya baba. Zilitakiwa kupenya kila kitu. Lakini ukishampa mtu mlango wa kupenya, kila mwenye bidhaa atajifanya hatari. Tairi lililopungua upepo, maziwa yanayokaribia kuchacha, viatu vilivyoshushwa bei, vyote vikaanza kuja na namba ya dharura. Siku moja mzee mmoja mwenye jina kubwa alikuwa akiwausia wajukuu msibani, na mbele ya uso wake likatokea tairi. Alimpigia Bi Thuwaiba mwenyewe. Siku iliyofuata nilikuwa mbele ya mkutano nikieleza dawa yangu: tahadhari nazo zisubiri. Zikae nyuma ya mkubwa, zioneshe ukingo mwekundu tu kwa chini, mpaka mkubwa anyamaze kwa sekunde tatu. "Hata hatari ibishe hodi," nilisema, na watu wakapiga makofi. Maneno hayo yalichapwa kwenye fulana za uzinduzi. Ninazo mbili nyumbani.

Zile sekunde tatu nilizipima kwa wazee kumi na wawili wa Dar es Salaam tuliowaleta ofisini na kuwapa soda. Wote walinyamaza kila baada ya sentensi mbili tatu, kwa kuwa hawakuwa na la kutuambia. Sikumpima hata mmoja anayemsalimu mtu wake.

Na kwenye daftari langu la kazi, ukurasa wa sehemu ambazo sheria hiyo isingefika, kuna mwandiko wangu: reli, migodi, viwanja vya ndege. Chini yake nimeandika: hospitali, baada ya uzinduzi. Uzinduzi ulipita, nikapewa kazi nyingine, ikapita miaka miwili. Hospitali kubwa zina miwani zao ambazo hazijui ukoo wa mtu, kwa hiyo hakuna aliyelalamika. Hospitali ndogo huwaambia wauguzi waje na miwani zao za nyumbani.

*

Nilifika nyumbani kwa Evodia Jumanne asubuhi. Ukungu ulikuwa haujaondoka kwenye mashamba ya viazi, na mimi mtu wa joto nilikuwa nimevaa mashati mawili. Nilikuwa nimejipanga kuyasema yote mlangoni kabla sijakaribishwa, nisije nikala chakula cha mtu niliyemharibia maisha. Lakini aliyefungua mlango alikuwa mzee mrefu, mwembamba, mwenye koti la sufu na kofia iliyofunika masikio.

Nikamwamkia. Akaitika marahaba, akanishika mkono, akaanza. Aliniuliza habari za safari, akauliza barabara ya Makambako ikoje, akajijibu mwenyewe kwamba ina mashimo, akaniuliza habari za joto la Dar es Salaam, habari za mama, habari za baba, akasikitika kusikia baba hayupo, akamwombea, akauliza habari za mke, za watoto, wangapi, wanasoma, akaingia kwenye mvua, akatoka kwenye mvua akaingia kwenye bei ya mbolea, na muda wote ule mkono wangu ulikuwa ndani ya mkono wake. Hakumeza mate. Nilitazama saa ya ukutani nyuma ya bega lake. Zilipita dakika tano na ushee. Nilikuwa nimezisoma kumbukumbu za miwani, nikamjua ni nani kabla hajataja jina.

Alikuwa Mzee Kasiani Ngailo, baba mkwe wa Evodia. Miaka thelathini na minne alikuwa mpima majani kwenye kiwanda cha chai. Nilipomwambia kwamba ninafanya kazi kwenye mambo ya miwani, uso wake ulifunguka. Alidhani kampuni imemtuma mtu kuja kumtetea binti yake, nami sikumsahihisha. Alinikalisha karibu na jiko la mkaa, akanieleza kwamba mwanawe Gaudensi, mume wa Evodia, aliangukiwa na mti kwenye kazi ya mbao miaka minne iliyopita. Ndugu walikuja kudai nyumba na kumtaka mjane arudi kwao. Yeye ndiye aliyesimama mlangoni akasema aondoke kila mtu, huyu habanduki.

"Huwa namsalimu kila siku saa nne, akiwa kazini," aliniambia. "Namweleza habari za hapa, namwombea na kazi yake. Hajawahi kunikatiza. Wenzangu wana wakwe, bwana. Mimi nina mtoto."

Kisha akasema wale wa hospitali wanadai kwamba hakutazama. Evodia huyu, ambaye anajua hata mbuzi wa mzee yupi ana mimba kabla mzee mwenyewe hajajua. Aliniuliza kama nadhani inawezekana. Nilimwambia haiwezekani, na hilo nalo lilikuwa kweli. Mzee hakuwa amehesabu chochote. Hakuna aliyemwambia tahadhari ilikuja saa ngapi.

Evodia aliingia na chai na viazi vya kuchemsha. Ni mwanamke mfupi wa miaka thelathini na kitu, mwenye mabega mapana ya mtu anayebeba. Alipiga goti akaweka sinia mbele ya mzee, macho yakiwa kwenye sakafu, kama kwao wanavyofanya kwa baba mkwe. Mzee alipomtajia jina langu aliganda kidogo, kisha akaniambia karibu, kaka, na akatoka. Nikala. Nilikula viazi vitatu na chai nikaongezewa.

*

Nilimfuata jikoni, kibanda cha mabati nyuma ya nyumba. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anamenya viazi vya mchana. Nilibaki nimesimama, maana hakuniambia nikae.

"Sista, ile barua niliiandika mimi," nilisema.

"Najua. Jina nimelisoma."

Nikaanza kumweleza habari za tabaka, kwamba tahadhari ilikuwa nyuma, kwamba kisheria ilichorwa lakini haikuonekana. Aliniacha niseme mpaka nikakwama.

"Kaka, mimi ndiye niliyekuwa ndani ya hiyo miwani," alisema. "Unanieleza mimi?"

Kisha akanieleza yeye, kwa sauti ya chini, kisu kikiendelea kumenya. Alikuwa upande wa pili wa wodi, kitanda cha pili, akimlisha mtoto kwa mrija. Dirisha la baba likafunguka. Yeye, baba mkwe akisema, huwa hamtazami usoni, hata kwenye miwani, hutazama chini. Kwa hiyo aliuona ukingo mwekundu mara tu ulipotokea. Ukingo hausemi ni kitanda kipi, hausemi ni nini, na tahadhari za pale hospitali huwaka mara ishirini kwa siku kwa sababu ya waya uliolegea. Alibana vidole, dirisha halikukunjika. Akawa anasikiliza pumzi za mzee, akiomba moyoni mzee ameze mate tu, akohoe tu, tahadhari ipite. Mzee alikuwa anamweleza habari za mbuzi aliyeingia kwenye miche ya jirani, na kutoka hapo akaingia kwenye maombi.

"Ningevua miwani," alisema. "Ni kitu cha mara moja. Au ningesema, baba, samahani. Nikayaona yale maneno yenu yanamtokea usoni, kwamba nimeondoka bila kuaga. Nikaona haya. Yule mzee alisimama mlangoni kwa ajili yangu. Nikaona haya, kaka, na mtoto wa watu akafa."

Hapo kisu kilisimama. Nilimwambia kosa ni langu, nilifuta njia ya tahadhari kwa mkono wangu, na Alhamisi nitalisema hilo mbele ya kamati. Aliinua macho kwa mara ya kwanza.

"Usije," alisema. "Ukisema kulikuwa na dirisha mbele, watakuuliza la nani."

"Watakufuta, sista. Leseni itaondoka."

"Nitalima viazi. Yeye ana miaka themanini na moja. Akijua, yeye atafanya nini?"

Aliniomba niape. Sikuapa, ila sikukataa pia, nilisema nimemsikia. Alinishukuru, akanifungia viazi kwenye mfuko nikale njiani.

Sasa nitasema jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilipokuwa nateremka kile kilima nilikuwa na furaha. Nilikuwa mwepesi. Nilikuwa nimekwenda kukiri, nimeombwa nisikiri, tena na mwenye kuumia mwenyewe. Ngao yangu ingebaki ukutani na ningeweza kuiita huruma. Nililala kwenye nyumba ya wageni usingizi mzito ambao sikuwa nimeupata kwa mwezi mzima. Asubuhi ya Jumatano, nikinawa uso, nikajiona kwenye kioo nimenawiri. Kumbe nilikuwa nimejificha nyuma ya heshima ya yule mama kwa mzee wake, na nilikuwa nimelala vizuri huko nyuma.

Siku nzima ile sikutoka chumbani. Nilikaa kitandani nikiandika karatasi ya kusoma mbele ya kamati, na viazi vya Evodia nikaviacha kwenye mfuko wake.

*

Alhamisi saa tatu nilikuwa kwenye ukumbi wa hospitali. Mlangoni kulikuwa na kikapu, kila mtu akavua miwani akaiweka humo, amri ya mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa Dakta Nyagawa, mama wa makamo mwenye sauti kavu, na wajumbe wanne kando yake. Evodia alikaa mbele na sare yake nyeupe iliyopigwa pasi. Pembeni yake alikaa Mzee Kasiani katika koti lile lile, kama mkubwa wa familia aliyemsindikiza. Aliponiona alinipungia mkono kwa furaha. Evodia hakugeuka.

Dakta Nyagawa alisoma majina ya waliohudhuria, mmoja mmoja. Mimi nilikuwa nayapanga makaratasi yangu.

Nilipopewa nafasi nilisimama nikasema kwamba mimi ndiye mwandishi wa barua, na kwamba barua ni ya kweli na imewadanganya. Nilichukua karatasi nyekundu nikaishika mbele yao, kisha nikaweka karatasi nyeupe mbele yake. Nikawauliza kama ile nyekundu ipo. Mjumbe mmoja akasema ipo. Nikamuuliza kama anaiona. Nikawaambia hivyo ndivyo tahadhari ilivyofika kwa muuguzi. Nikaeleza Staha, sekunde tatu, tairi la yule mzee msibani. Nikafungua daftari langu nikawasomea mstari wangu: hospitali, baada ya uzinduzi. Nilisema mtu yeyote anayemheshimu mkubwa wake angenaswa pale, na kwamba mtego niliutega mimi. Nikaiomba radhi kamati. Nikakaa.

Dakta Nyagawa aliandika kwa muda mrefu. Kisha akauliza lile nililokuwa nikiliogopa: dirisha lililokuwa mbele lilikuwa la nani?

Kabla sijafungua mdomo Evodia alisimama. Alisema lilikuwa la mwalimu wake wa zamani wa chuo cha uuguzi, alikuwa amempigia kumjulia hali, jina lake asingependa kulitaja. Alisema kwa utulivu, mikono ameishika mbele. Mzee Kasiani alitikisa kichwa kwa masikitiko, akamlaumu mwalimu huyo kwa sauti ya kunong'ona ambayo ukumbi mzima uliisikia, kwamba watu wengine hawajui mwenzao yuko kazini.

"Bwana Mkwizu," Dakta Nyagawa alisema, "kumbukumbu za miwani unazo. Ni kweli?"

Nilimtazama mzee. Kusema ndiyo kulikuwa rahisi, na sikuona mara moja kungemuumiza nani. Ningekuwa mtu mwema machoni pa Evodia. Lakini nilikuwa tayari nimeiandikia kamati hii mistari mitano ya kuwaridhisha, na nilijua kumbukumbu zile siku moja zitaombwa, na Evodia ndiye angeonekana mwongo, na kila nilichosema asubuhi ile kingeanguka pamoja naye. Hayo niliyafikiri. Pia nilikuwa nimechoka na kujificha, nikiri na hilo.

"Si kweli," nilisema. "Lilikuwa la baba mkwe wake."

Evodia alikaa. Alinitazama, na sijawahi kutazamwa vile na mtu, wala sitaki tena. Dakta Nyagawa aliweka kalamu chini akasema kwamba kamati haiwezi tena kuitumia barua ile dhidi ya muuguzi, na kwamba shauri lake litaanza upya na kampuni ikiwa ndani. Hilo ndilo nililolifuata Njombe. Lilisemwa, likaandikwa, na hakuna aliyelifurahia mle ndani.

Mzee Kasiani alikuwa ameniangalia mimi muda wote.

"Dakika ngapi?" aliniuliza.

"Nne na sekunde kumi, baba."

"Na mimi sikunyamaza."

"Hukunyamaza. Lakini kosa si lako, baba, ni la kwangu, mimi ndiye niliye..."

Aliinua kiganja, si kwa hasira, kama mtu anayeomba apishwe. Alimgeukia Evodia, akataka kumuuliza kitu, akakiacha. Kisha akajikokota kutoka kwenye kiti, akavua ile kofia ya kufunika masikio, akaanza kutembea. Nilidhani anatoka nje. Alikwenda mpaka mstari wa mwisho wa viti, ambako alikuwa amekaa msichana wa miaka kama kumi na tisa, amejifunga kitenge kifuani, mikono mitupu mapajani. Alikuwa pale tangu saa tatu. Dakta Nyagawa alikuwa amelisoma jina lake, akamtaja kuwa mama wa mtoto wa kitanda cha sita.

Mzee Kasiani alishika ukingo wa kiti, akashusha goti moja, akashusha la pili. Ilimchukua muda. Mzee wa miaka themanini na moja akapiga magoti mbele ya mtoto ambaye angekuwa mjukuu wake, na wajumbe wote wakaangalia dirishani.

"Mama," alimwambia, "mimi ndiye niliyekuwa nasema."

Msichana alianza kulia bila sauti. Mzee akaendelea kumwambia maneno mengine, ya chini, ya Kibena, ambayo sikuyaelewa.

Makaratasi yangu yalikuwa bado mkononi, nyekundu na nyeupe. Nilikuwa nimesema kwa dakika kumi na moja, nimeiomba radhi meza ya mwenyekiti, nimeiomba radhi kamati, na sikuwa nimegeuka upande ule hata mara moja. Hata jina lake sikulijua. Nilipita katikati ya viti nikahisi macho ya Evodia mgongoni. Nikapiga magoti nyuma ya mzee, nikangoja amalize.